Tanuru Lina Rangi Gani

9 Februari

Mpwa wangu Mashoto,

Naanza na habari za mama yako, maana najua za kwangu ungeziruka. Mama yako mzima. Amehamishia kitanda ukumbini, mbali na madirisha, na kila kioo cha nyumba amekibandika vipande vya karatasi kwa gundi ya unga, kwa ustadi hata nikamwuliza kama tunangojea harusi. Akanijibu kwamba mtu mwenye kaka anayetengeneza vioo hakupaswa kuhangaika na karatasi. Nikamweleza kwa mara ya mia kwamba sisi tunatengeneza chupa na vioo vya taa, si vya madirisha. Akasema kioo ni kioo. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula.

Mimi nami sijambo. Nimepungua kidogo, suruali za ujanani zimeanza kunitosha tena.

Tanuru linavuma kama ulivyoliacha. Asubuhi nikipinda kona nausikia mvumo wake kabla sijaliona bomba la moshi, na miguu inatulia yenyewe. Unajua nililiwasha wiki ile ile uliyozaliwa. Mama yako alikuwa kwenye uchungu, mimi nimeshika mwenge; habari zako nilizipata siku mbili baadaye, nikaja na masizi yangu usoni, ukaniona ukalia. Miaka ishirini na minne halijazimika hata saa moja. Ndiyo maana huwa nasema ninyi ni mapacha, ila mwenzako hajawahi kunijibu jeuri.

Kazi imepungua. Kiwanda cha soda kilichokuwa kinachukua nusu ya chupa zetu kimefungwa. Hakuna aliyekipiga bomu. Sukari haipiti barabarani, basi soda haipikwi, basi chupa haitakiwi, basi wapulizaji wangu kumi na mmoja wamekaa barazani wakitazamana. Wengine hawapo kabisa. Baadhi wamechukuliwa kwenda kushika bunduki, baadhi wamekimbia wasije wakashikishwa.

Nilikuvusha mpaka kwa sababu hiyo, na najua bado umeninunia. Nakuahidi jambo moja: mradi tanuru linawaka, benchi lako lipo. Lile lile la mkono wa kulia, usianze. Nilikwambia na narudia, kiwanda hakigeuzwi kwa ajili ya mkono mmoja.

Niambie umepata kazi gani. Fanya yoyote ya heshima, ila usije ukafanya kama yule mwenzangu aliyevuka mpaka miaka kumi iliyopita akawapulizia watu chupa zao. Mtu yule aliuza pumzi yake, nami jina lake silitamki.

Posta ina magunia ya mchanga mlangoni na haina wafanyakazi ndani. Barua hii anayo dereva wa lori tunayemwita Bwana Kesho, kwa kuwa ukimwuliza anaondoka lini hana jibu jingine. Mpe yako ya kurudisha.

Ni mimi mjomba wako, mwenye masizi.


2 Machi

Mjomba, shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake, mwambie ninakula, tena ninanenepa, asijali.

Nimepata chumba kwa mama mmoja mshonaji. Kina dirisha kubwa linalofunguka lote, na wiki ya kwanza nililala sakafuni chini yake kwa mazoea, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama kitanda kina kunguni. Nikamwambia mgongo unaniuma. Watu wa huku ni wema lakini sijui nianzie wapi kuwaeleza.

Kazi nimepata hotelini, kwenye chumba cha kufulia. Tunafua mashuka, tunayapiga pasi, tunayakunja. Ni kazi ya joto, joto silo tatizo langu. Nimejiunguza kidogo kifundo cha mkono, pasi tu, kimekwisha kupona. Hakuna anayenisema kwa kutumia kushoto.

Jana wakati wa mapumziko nilisinzia kwenye kiti. Nikaota mashuka yanatoka mdomoni mwa tanuru yakiwa laini, nami nayapuliza kwa bomba, yanavimba, yanapaa moja moja juu ya paa la kiwanda, na wewe uko chini unapiga kelele kwamba hayana vitovu vya kitako, hayatasimama. Nikaamka nacheka. Halafu nikasikiliza, nikatafuta ule mvumo, nikakumbuka niko wapi.

Mjomba, Juni nirudi? Niambie tu ndiyo.

Wako, Mashoto.


28 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako ilikaa mfukoni mwa Bwana Kesho siku kumi na tano, ikafika ina harufu ya dizeli na machungwa. Mama yako aliisoma mara tatu akasema umeandika kama mtu anayeficha jambo. Nikamwambia mtu anayekunja mashuka ana nini cha kuficha.

Juni ni mapema. Hilo tuliache.

Acha nikueleze tunavyoishi, maana ukisikiliza redio utadhani vita ni milio tu. Muuza duka wa kona sasa anaandika bei kwa chaki, kwa sababu ya asubuhi si ya mchana. Mkate umebaki na jina lake lakini mwili umekwenda. Mshahara ulipokosa maana kabisa, mwenye kiwanda aliamua kutulipa kwa bidhaa. Siku hizi narudi nyumbani Ijumaa na chupa thelathini za mdomo mpana kwenye kikapu. Usicheke. Mtaa mzima umezikubali. Chupa moja unapata mafuta ya taa, mbili unapata maharage, na kinyozi amenyoa kichwa changu kwa chupa moja na kifuniko. Mama yako anazipanga chini ya kitanda kwa ukubwa wake, na akitaka kitu anainama anachagua. Kuna saa nadhani tumerudi utotoni, tunacheza duka.

Magadi hayaji tena. Njia ile ina vizuizi saba, na kila kizuizi kinataka chake, hata mzigo ukifika unakuwa umeliwa wote njiani. Bila magadi mchanga hauyeyuki, hilo nilikufundisha kabla hujajua kufunga viatu. Basi tunalisha tanuru vioo vilivyovunjika. Mji mzima umejaa vioo vilivyovunjika, Mashoto. Akina mama wanavileta kwa magunia: madirisha ya benki, madirisha ya shule, kioo cha duka la viatu chenye nusu ya neno bado juu yake. Tunayamimina, yanazama polepole, yananyamaza. Juzi nilishika chupa iliyotoka humo nikaiinua kwenye jua. Nikajiuliza kama kioo kilichotazama barabara miaka arobaini kinaweza kusahau barabara hiyo kwa kuyeyushwa tu. Nikakaa hivyo hata chai ikapoa.

Mwenye kiwanda ana wasiwasi wa mafuta mazito. Amenijia mara mbili akisema tulimwage tanuru mapema. Nimemjibu kwamba lori la mafuta limekwisha ondoka bandarini, tuna ahadi ya mdomo na ya karatasi. Yeye ni mtu wa makaratasi, haelewi.

Vitovu vya chupa zetu vyote siku hizi vinageukia kulia, kama inavyotakiwa. Sina wa kugombana naye. Kiwanda kimepooza.

Mjomba wako, tajiri wa chupa.


20 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kwa habari za kinyozi na nimemcheka sana mama na duka lake la uvunguni. Mwenye nyumba wangu anawasalimu. Nami sijambo.

Naandika haraka, Bwana Kesho safari hii amesema leo, nimeshtuka.

Mjomba, mmwage tanuru. Unajua kuliko mimi lakini acha nikukaririe kama ulivyonikaririsha. Chini ya tanuru kuna tundu lililozibwa kwa udongo. Ukilizibua likiwa na moto kamili, kioo chote kinatoka kama uji, tanuru linabaki tupu, unaliacha lipoe kidogo kidogo, na siku ya heri unaliwasha tena. Lakini kumwaga kunataka moto kamili siku nzima. Ukingoja mafuta yakaribie kwisha, huwezi tena. Kioo kinaganda ndani, kinapasua matofali, na hapo ulisema mwenyewe, huna tanuru, una jiwe.

Kama mafuta yaliyobaki hayafiki siku kumi, mmwage. Tupu si sawa na kufa.

Huku mambo yanastawi. Hoteli zimejaa, malori yanapanga foleni, vyumba vimepanda bei kwa sababu yetu sisi tuliokuja, na kila anayeuza kitu anauza kwetu nyumbani, kwa sababu nyumbani hakitengenezwi tena. Watu wananiambia pole ya vita huku wakijenga ghorofa ya pili. Sisemi ni wabaya. Ila naona aibu ambayo sijui ni ya nani.

Nijibu upesi.

Mashoto.


30 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Utanisamehe kwa kimya. Bwana Kesho alikwama mahali, halafu kulikuwa na shughuli, halafu mkono ulikuwa mzito tu.

Sote wazima. Mama yako amepata kikohozi, si kikubwa, ni vumbi. Mchana huwa kimya sana mtaani, kimya kizuri, unaweza kusikia mtu anakunja gazeti nyumba ya tatu. Juzi walipita farasi wawili wasio na mtu, katikati ya barabara, wakatembea taratibu hadi mwisho wa mtaa wakapinda. Hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Tanuru halina neno. Limetulia. Siku hizi halipigi kelele, ni kama mtu mzima aliyeshiba. Nikichungulia mdomoni mwake naona kijani kizito, kina kirefu, na mwanga wa mlango wa nyuma unaingia mle unalala chini kabisa, hautoki. Naweza kulitazama saa nzima. Sijapata kuliona zuri hivi.

Vijana nimewapa mapumziko.

Kunja mashuka yako vizuri, kona kwa kona. Benchi lako lipo.

Mjomba.


25 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mama asinywe maji baridi na asikae kwenye vumbi. Nimemtumia fulana ya sufu, imo kwenye mfuko pamoja na barua. Mimi sijambo.

Nina swali moja tu na naomba unijibu hilo peke yake. Ulinifundisha kwamba kioo kwenye moto ni cheupe, kikipungua kinakuwa cha chungwa, kikipungua zaidi ni chekundu, na hapo unakimbia kuongeza mafuta. Nimesimama mbele ya mdomo ule tangu nina miaka kumi na mitatu. Kijani sijawahi kukiona mle.

Mjomba, tanuru lina rangi gani?

Mashoto.


19 Agosti

Mpwa wangu,

Fulana imefika. Mama yako ameivaa juu ya gauni na hataki kuivua, anasema ina harufu yako, ingawa mimi nasikia dizeli.

Kikohozi chake hakikwisha, basi nikaenda kwa muuza dawa. Zamani dawa ile ilikuwa inatiwa kwenye chupa zetu. Sasa inakuja imekwisha tiwa, kutoka ng'ambo huko uliko. Nikatoa chupa zangu sita za mdomo mpana, akanipa moja ndogo ya kahawia. Nikatembea nayo hadi kona. Unajijua mjomba wako, hawezi kushika chupa asiipindue.

Nikaipindua.

Umeniuliza rangi ya tanuru. Nami nikuulize: hayo mashuka yenu huko hotelini, yana vitovu?

Mashoto, nimekufundisha mwenyewe. Kitako kikiwa bado laini unakisukuma kwa kijiti kilicholowana, unazungusha kidogo, unachomoa, chupa inapata kitovu na inasimama. Dunia nzima inazungusha kulia. Namjua mtu mmoja anayezungusha kushoto. Nilimgombeza miaka minne, nikamfunga mkono kwa kitambaa wiki nzima, akanipa chupa zilizopinda kwa makusudi hata nikamfungua. Nikaketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa na chupa ile magotini.

Nilikasirika siku mbili. Sitakuficha. Nilisema umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena chupa uliyoipuliza mwenyewe. Mama yako aliniacha nikaongea nikachoka, halafu akainywa ile dawa kijiko kimoja kimoja. Ilipokwisha aliiosha chupa, akaiweka dirishani.

Ipo hapo sasa. Jua la saa nane linaingia upande mmoja linatoka upande wa pili likiwa na rangi ya chai. Na nimeitazama hata nikaielewa biashara yote. Lori la Bwana Kesho linatoka hapa limejaa vioo vyetu vilivyovunjika, vinauzwa kwa kilo. Yanavuka mpaka madirisha yetu, yanarudi yakiwa chupa za dawa, tunayanunua. Katikati hapo, kati ya kwenda na kurudi, ndipo riziki yetu ilipokuwa. Hakuna aliyetuibia usiku. Imehama tu, kama maji yanavyohama chombo kilichopasuka.

Kuhusu tanuru sina la kusema.

Mjomba wako.


11 Septemba

Mjomba, shikamoo. Na mama shikamoo. Nimelia kwa sababu ya chupa ile dirishani.

Ni kweli. Sijawahi kukunja shuka la mtu. Tangu wiki ya pili niko kwenye kiwanda cha chupa cha huku. Nilikudanganya kwa sababu ya neno lako lile la kuuza pumzi, nikaogopa usije ukaacha kulitamka jina langu pia. Aliyenipokea ni yeye, mwenzako usiyemtaja. Ndiye msimamizi wetu. Nilipofika mlangoni akanitazama nikishika bomba akasema, "Huyu kafundishwa na mtu ninayemjua." Hajaniuliza zaidi. Ila kila Jumatatu, kabla hatujaanza, ananiuliza kama mzee bado anawaka. Hivyo hivyo anavyosema. Nami namjibu ndiyo.

Nilimjibu ndiyo hadi tarehe kumi na nne Julai.

Mchana wa siku hiyo zamu yangu ilikuwa ya kuchambua vigae. Magunia yanamwagwa sakafuni, tunatoa misumari na puti ya kubandikia vioo na karatasi za gundi ya unga, ndiyo, karatasi za akina mama kama mama, bado zimeshikilia. Vyote ni vyembamba, ni madirisha. Nikafungua gunia moja likawa zito kuliko mengine. Kikatoka kipande kinene kama tofali. Halafu kingine. Kijani kizito, kina kirefu, kama ulivyoandika. Kingine kilikuwa kimeshikana na tofali lenyewe, na juu ya tofali kuna muhuri wa kiwanda chetu.

Hakuna dirisha nene hivyo duniani, mjomba. Kipande cha namna hiyo kinatoka mahali pamoja tu.

Nikaketi sakafuni. Msimamizi akaja, akakiona, akavua kofia. Kwa hiyo barua yako ya tanuru lililoshiba ilinikuta nikiwa nimekwisha lishika mikononi. Nikaja kukuuliza rangi, nikitaka uniambie wewe. Ulipokataa nikajua umeumia kuliko nilivyodhani.

Sikulaumu. Bwana Kesho mpumbavu wetu amekuwa akibeba barua zako kwenye kiti na tanuru nyuma, na hajatoboa. Nilipomshika shati akasema yeye ni mbeba mizigo, si mbeba habari.

Sasa nisikilize. Vile vipande sikuvitia kwenye tanuru la huku. Nilimwomba msimamizi, akanipa magunia mawili, akaniambia niyaweke nyuma ya stoo chini ya turubai. Ulinieleza zamani kwamba tanuru jipya halianzi kwa mchanga mtupu, linataka kioo cha zamani cha kulifungulia koo. Na kwamba la kwetu lilifunguliwa kwa kioo cha tanuru la mwalimu wako, na lake kwa cha wa kabla yake. Magunia mawili yanatosha kufungulia koo. Nimeuliza.

Niambie ilivyokuwa, ukiweza. Ukishindwa, usiniambie.

Mashoto.


6 Oktoba

Mpwa wangu,

Mama yako mzima, kikohozi kimekwisha, dawa yenu ni nzuri. Muuza duka wa kona jana hakufuta bei mchana, ilibaki ile ile hadi jioni, watu wakasimama kuitazama. Wanasema wakubwa wamekaa mezani. Tumekwisha sikia hivyo kabla. Lakini chaki haikufutwa.

Nakujibu.

Tarehe kumi na moja Mei tulikuwa na mafuta ya siku kumi na mbili. Barua yako nilikuwa nayo kifuani. Nilishuka chini ya tanuru na nyundo na patasi, mwenye kiwanda amesimama nyuma yangu, wapulizaji wote wamejipanga na beleshi. Nikaweka patasi kwenye udongo wa tundu. Nikasikia ule mvumo kwenye mkono, Mashoto, unapanda hadi begani, ule ule wa tangu siku nilipokuja kukuona na masizi. Nikasema lori litafika. Nikapanda juu. Hakuna aliyethubutu kunibishia, kwa sababu mimi ndiye fundi, na ni mimi niliyewafundisha wote kwamba fundi habishiwi.

Lori lilikamatwa kizuizi cha tatu. Mafuta yake yakaendesha magari ya vita.

Zile siku kumi na mbili tulipuliza chupa usiku na mchana, nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, nami nikajidanganya kwamba ndizo sababu ya kutolimwaga. Tarehe ishirini na tatu, saa nne asubuhi, mvumo ukakoma. Ndege walikuwa wanaimba juu ya paa. Miaka ishirini na minne, sikujua kama kuna ndege pale. Siku iliyofuata tulianza kuyasikia matofali yakipasuka, moja moja, kama mtu anavunja karanga.

Vita haikuliua tanuru. Vita ilikuja na mafuta machache, na hayo yangetosha kuliokoa. Niliyeliua ni mimi, kwa kulipenda. Hilo ndilo nililoshindwa kukuandikia.

Wapulizaji walikuwa hawajalipwa, na chupa za kiwanda zimekwisha. Tukalivunja jiwe lile kwa nyundo wiki tatu, tukamuuzia Bwana Kesho kwa kilo, kila mmoja akapata chochote cha kwenda nacho. Nilimwomba asiseme. Sikuwaza kwamba angelishusha mlangoni pako.

Barua yako ya mwisho niliisomea mahali usipopadhania. Niko ndani ya tanuru. Limebaki ganda, paa lake limesimama, nikaingia kwa mdomo wake kwa magoti. Mahali ambapo miaka yote mkono usingedumu nukta moja, leo nimekaa nimeegemea ukuta, kuna ubaridi mzuri na nuru ya kijani kutokana na kioo kilichobaki kimepaka kuta. Ukisema neno, linarudi kwako laini. Nilisinzia, nikaota uko mtoto na unalia, na kilio chako ndicho kinachovuma. Nilipofungua macho mama yako alikuwa ameketi mbele yangu na chungu cha viazi. Alipita kwa magoti na gauni lake na fulana yako. Tukala humo. Akasema, "Kumbe ni padogo hivi."

Ni padogo kweli. Nimepapima kwa mikono yangu kabla matofali hayajachukuliwa na wajenzi, urefu, upana, mwinuko wa paa, tundu liko wapi. Vipimo vyote na mchoro viko karatasi ya pili. Vitunze huko pamoja na magunia yako. Huku karatasi zinawashiwa moto.

Usirudi sasa. Huko kuna tanuru linalowaka, na mtu wa kukufundisha nisiyoyajua. Jumatatu akikuuliza, mwambie mzee amezimika lakini hajapasuka. Mwambie nimemtaja. Jina lake nimelitamka humu ndani kwa sauti, likarudi.

Kwenye mchoro utaona nimebadilisha kitu kimoja. Mama yako aliniona nikifuta na kuchora, akauliza ni nini. Benchi la mpulizaji nimelihamisha. Liko upande wa kushoto.

Ni mimi mjomba wako.